Mpwa wangu yuko Montana anataka kuvisha bunduki mtutu mpya wa kaliba ndogo, waildikati ipi? .17 au .20?

mkerezaji_chake
Asalaam aleikum jamaa. Nna jambo nnataka mawazo ya wanaojua hasa, mana hichi kitu kina moto ndani yake si cha kubahatisha. Mtoto wa dada yangu yuko Montana kule Marekani, anafanya kazi kwenye shamba kubwa la ng'ombe, na mwenye shamba kawaruhusu vijana wapige kindi wa ardhini, hawa wanaochimba mashimo, wanakula majani ya mifugo na wanatoboa ardhi mpaka ng'ombe anavunjika mguu. Kijana kanunua Remington 700 kongwe ya .223 (namba hizi za nukta ni upana wa kichwa cha risasi kwa inchi, kwa kukadiria), mtutu ushakwisha, sasa anataka fundi bunduki wa huko amvishe mpya. Kanipigia usiku, "mjomba weye mkerezaji, vyuma unavijua, nichague nini?"

Mie leti naijua, shafti na bushi ndo riziki yangu, lakini bunduki sijapata kuigusa kikazi. Nkakaa nkasoma. Nilivofahamu ni kwamba waildikati ni risasi ambayo haikutolewa na kiwanda, mtu anachukua ganda la kiwandani akalibana shingo au akalisukuma bega likawa kitu chengine, halafu chemba ya bunduki, pale risasi inapokaa, inachongwa kwa rima, chombo cha kuchongea tundu, ya kipimo hicho hicho. SAAMI, ile jumuiya ya viwanda vya Marekani ilokuwepo tangu 1926, haina kipimo chake, kwa hivo kila kitu kinakaa juu ya fundi na mwenye bunduki.

Moyo wa kijana uko kwenye .17 Mach IV, ile ya Vern O'Brien, ganda la .221 Fireball lilobanwa shingo. Mie nkaona .20 VarTarg ya Todd Kindler, ganda hilo hilo ila kichwa cha risasi ni .204. Wanapiga yadi 100 mpaka 300, upepo kule hautulii, na kwa siku moja wanapiga risasi nyingi mno. Pesa anayo kidogo. Nipeni mawazo.

kojani_alberta
Waaleikum salaam. Mwambie aiwache .17.

Mie niko Alberta, mpakani na huko huko Montana, kindi ni hao hao na upepo ni huo huo. Tazama, kichwa cha .17 kina greni 20 au 25, yani hata gramu mbili hakifiki, kinatoka mbio sana lakini upepo unakichukua. Hornady, kiwanda cha vichwa, wenyewe wanaandika namba ya kila kichwa ya namna kinavopasua hewa, ikiwa kubwa ndo bora: kichwa chao cha V-Max cha .17 ya greni 25 ina .230, ya greni 20 ina .185 tu. Sasa njoo kwenye .204 ya greni 40, ni .275! Na ile .22 ya greni 55 ambayo kila mtu anaisifu ina .255. Yani kichwa chepesi cha .20 kinaishinda .22 nzito kwenye kupasua hewa, na baruti unatia kidogo. Mie nilipoliona hilo jambo nlifurahi sana kwa kweli, ni kitu kizuri mno mtu ukikifahamu.

Jengine ni uchafu. Tundu la .17 ni dogo, shaba ya vichwa inaganda ndani haraka, na siku ya kupiga sana itabidi kila baada ya muda asimame asafishe, tena kwa fimbo nyembamba ambayo inapinda ovyo. .20 inasamehe zaidi.

Na lipo moja ambalo watu hawalisemi: bunduki nzito ya .20 hairudi nyuma hata kidogo, jicho linabaki kwenye darubini unaona mwenyewe risasi imetua wapi. Ukipiga ukakosa unajua umekosa kushoto au chini, unarekebisha. Na .22-250, ile ya .22 yenye ganda kubwa, huwezi, inaruka ukirudi kutazama vumbi lishapita.

Kwa hivo mie nasema VarTarg, uko sawa mjomba. Ganda dogo, baruti kidogo, mtutu hauchemki haraka. Kichwa cha greni 32 kinakwenda kama futi 3,700 na zaidi kwa sekunde na kwa kindi inatosha tena inazidi.

bint_konde
Samahanini kaka zangu lakini mbona hamuulizi swali la mwanzo, kwani lazima iwe waildikati? Kijana anasema pesa kidogo. Ipo .204 Ruger, imetoka kiwandani tangu 2004, risasi zake anaingia dukani ananunua, greni 32 inatoka futi 4,225 kwa sekunde, vichwa ni vile vile vya .20 mnavovisifia. Makalio ya ganda ni ukubwa mmoja na .223 kwa hivo boti ya bunduki yake, kile chuma cha kufungia chemba kwa nyuma, haiguswi, mtutu tu unabadilishwa basi. Rima ya .204 kila fundi anayo. Dai za kubania maganda ziko kila duka. Akitaka kuuza bunduki kesho kutwa mnunuzi anaifahamu.

Hizo waildikati nyingi mwisho wake viwanda vinazichukua. .22-250 ilikuwa ya mafundi tangu miaka ya 1930, Remington wakaja kuifanya ya kiwanda 1965. Hiyo Mach IV anayoipenda, Remington walitoa .17 Fireball 2007, zinafanana sana ijapokuwa si kitu kimoja na mtu asizichanganye. .17 ya ganda la Hornet mafundi walikuwa nayo zamani, Hornady wakaitoa ya kwao 2012. Sasa kama kiwanda kishamfanyia kazi yote yeye anajitaabisha nini? Mie mume wangu alikuwa na tabia hii ya kutaka kila kitu cha kuchongesha, mashua ya kuchongesha, milango ya kuchongesha, na kazi haimaliziki.

mkerezaji_chake
bint_konde umesema kweli na hilo nlimwambia kijana. Jibu lake ni kwamba kwenye mabanda ya huko maganda ya .223 yaliyokwisha pigwa yamejaa ndoo kwa ndoo, watu wanamgaia bure, na ganda la .204 lazima anunue. Ndo mana naona hoja ya ganda ina uzito kuliko hoja ya mbio.

mzee_ghala
Asalaam aleikum wanangu. Nilikuwa mtunza silaha miaka mingi kabla sijastaafu, na haya mambo ya kutengeneza risasi nimeyafatilia kwa mapenzi tu mpaka leo. Nakuungeni mkono kwenye .20 lakini ikiwa maganda ya .223 anayapata bure basi asiende kwenye VarTarg, mana .221 Fireball si ganda la kuokota, kiwanda cha Lapua wanatengeneza zuri sana lakini bei yake mtu unahisi. Iko .20 Practical, ni ganda la .223 limebanwa shingo tu likafika .204, bega halikuguswa, urefu haukuguswa. Hakuna kupiga risasi za kulitanua ganda kama ilivo kwa .223 Ackley, ile yenye bega la digrii 40, ambayo lazima uipige mara ya kwanza ndo ipate umbo lake na mtutu unalika bure. Practical unabana, unatia, unakwenda. Hata dai hanunui ya kuagizia, dai ya .223 ile yenye bushi ya kubadilisha shingo, anatia bushi ndogo basi.

Sasa mkerezaji nisikilize vizuri hapa, hapa ndo roho ya mtu ilipo. Shingo ukiibana kutoka .224 kuja .204 ukuta wake unaongezeka unene. Risasi ikisha kutiwa kichwa, shingo lazima ibaki na nafasi ndani ya chemba, ili baruti ikiwaka shingo itanuke na kukiachia kichwa kitoke. Ikiwa shingo imebana kwenye ukuta wa chemba kichwa hakiachiwi, msukumo unapanda kwa ghafla na bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wa kijana. Si maneno ya kutisha watu, ndo lilivo. Kwenye risasi ya kiwanda kuna watu walishakaa wakalipima hilo. Kwenye waildikati hayupo, yupo yeye na fundi wake.

Na vipimo vya baruti asichukue vya mtu alivoandika mtandaoni akatia hivo hivo. Mtutu wa yule si mtutu wa huyu. Aanze chini, apande kidogo kidogo, atazame fataki, ile ya kuwashia baruti kwenye makalio ya ganda, kama inasawazika na boti kama inakaza kufunguka, akiona dalili arudi chini. Tena aandike jina la risasi kwenye mtutu wenyewe, lichongwe pale, mana ganda litaendelea kusomeka .223 kwenye makalio yake na siku bunduki ikiingia mkono mwengine huyo mtu hatojua.

mkerezaji_chake
Allah akuweke mzee, hapa ndo umenigusa kwenye kazi yangu mwenyewe. Kwa hivo hesabu ni ya leti tu: ukuta wa shingo tuseme 0.0125 ya inchi, mara mbili 0.025, jumlisha kichwa 0.204, unapata 0.229. Rima ikichonga shingo ya chemba 0.233 inabaki elfu nne ya inchi kwa jumla, elfu mbili kila upande. Hiyo ni nafasi nzuri ya kupumua, bila kukereza shingo za maganda moja moja. Lakini maganda ya kuokota ni ya viwanda mbali mbali na kuta zake hazilingani, kwa hivo kijana lazima ayapime kwa maikromita ayagawe kwa kiwanda, na yale manene ayatoe. Ntamnunulia maikromita mie mwenyewe ile ya kupimia mabomba, yenye ncha ya mviringo, mana ya kawaida inadanganya kwenye ukuta wa ndani.

kojani_alberta
Mzee kanishinda, kwa maganda ya bure Practical ndo yenyewe. Ila kijana ajue inatia baruti zaidi ya VarTarg, mbio zinafika kama futi 4,000 na greni 32, na joto la mtutu linapanda. Apige, apumzishe, apige. Mtutu ukiwa hushikiki kwa mkono asiendelee. Wenzangu wanakwenda na bunduki mbili wakapokezana.

kwerekwe_boy
Jamani nimefata uzi wote nimeupenda. Suali langu, huyo kijana akija likizo hawezi kuja nayo Pemba? Tumbili wanamaliza muhogo na ndizi kule kwetu, na kunguru ndo usiseme, mji mzima wao, vifaranga havikui.

mzee_ghala
Hapana mwanangu, wala asilifikirie. Bunduki kwetu ni kwa leseni, na kule Marekani pia kuitoa nchini ina ruhusa yake, ukikamatwa nayo bandarini hakuna wa kukutetea. Na hata ingekuwa halali mie ningekukataza. Montana kijana anapiga kwenye uwanda mtupu, nyuma ya kindi ni udongo na maili nzima hakuna nyumba. Pemba vilima na mabonde, juu ya mkarafuu yupo mchumaji, chini yupo mtoto anaokota, na njia za miguu kila pahala. Kichwa cha risasi kinachokwenda futi elfu nne kwa sekunde ukikosa tumbili kinakwenda kumtafuta mtu. Kunguru wanategwa kwa mitego mikubwa ya vizimba, na wasasi wa Unguja wanakwenda na mbwa wao kwa nguruwe, hizo ndo njia za kwetu. Kima punju ndo usimguse kabisa, yule analindwa.

bint_konde
Ahsante mzee kwa hilo. Na mie nimekubali hoja ya maganda ya bure, ila bado nasema ahesabu na bei ya rima. Kama fundi wa kule hana rima ya Practical na kijana anatakiwa ainunue mwenyewe pamoja na geji zake za kupimia chemba, hapo ule ubure wa maganda unaliwa wote, arudi kwenye .204.

mkerezaji_chake
Nimempigia alfajiri. Fundi wake anayo rima ya Practical, na geji anatumia zile zile za .223 mana bega ni lile lile. Kijana keshaiwacha Mach IV. Mtutu wataagiza inchi 26, mzito, mistari ya ndani inazunguka mara moja kwa inchi 11 ili na zile greni 40 zitulie vizuri siku za upepo mkali. Kalamu na daftari kaambiwa anunue kabla ya baruti, kila kipimo kiandikwe.

kojani_alberta
Bado moja mjomba, na umwambie leo. Fundi hajaanza kuchonga, kijana achague kwanza kichwa atakachotumia, anunue, halafu atengeneze risasi mbili tatu za kielelezo, zisiwe na baruti wala fataki, kichwa kikae kwenye shingo kwa kina anachokitaka yeye. Hizo ampe fundi mkononi. Koo la chemba, pale mistari ya mtutu inapoanzia, linachongwa kufata risasi hiyo. Likichongwa refu kichwa cha greni 32 ni kifupi, hakitaifikia mistari hata ukivute vipi, na kulirudisha itabidi fundi akate mtutu kwa nyuma aanze upya.