Ushauri: Mafuriko yameua mbuzi na kusomba mizinga, nianzie wapi kuomba msaada wa serikali?

Mleta mada
Ndugu zangu, salaam. Ninafuga mbuzi na nyuki kibiashara magharibi mwa North Carolina, na huu ni mwaka wangu wa 4. Mafuriko ya kimbunga Helene ya tarehe 27 Septemba 2024 yameua mbuzi 9 na kusomba mizinga 14 kati ya 20 niliyoipanga karibu na kijito. Miwili nimeikuta imenasa kwenye senyenge, masega yamejaa tope, na nyuki wachache waliosalia wamejikunyata chini ya kifuniko. Nasikia serikali hulipa msaada wa dharura. Kesho nilikusudia kuzika mizoga na kuchoma mbao zilizovunjika, hivyo naombeni ushauri kabla sijaharibu jambo.

Mzee wa Mizinga
Pole sana, ndugu yangu. Mizoga izike, maana haiwezi kusubiri, ila piga picha ya kila mbuzi kwanza, na mbao usizichome kabisa kwa sasa. Jirani aliyeshuhudia aandike alichokiona na kutia saini. Tafuta pia risiti za makundi ya nyuki uliyonunua, kwa sababu ofisi itataka uthibitishe ulikuwa na mizinga mingapi kabla maji hayajaja, na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Mfugaji wa Kentucky
Mipango ni miwili, usiichanganye. Mbuzi waliokufa wanaombewa LIP, ambayo hulipa asilimia 75 ya wastani wa bei ya soko ya mnyama wa aina hiyo. Nyuki na mizinga wako chini ya ELAP, ambayo kwa makundi ya nyuki hufidia vifo vinavyozidi kiwango cha kawaida tu. Yote miwili inasimamiwa na FSA, idara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia ofisi inayohudumia kaunti yako. Kwa kuwa hujafikisha miaka 10 katika kilimo, jaza fomu ya mkulima anayeanza, maana ELAP humwongezea huyo kiwango cha malipo.

Mleta mada
Nashukuru sana. Mimi si raia, nina kadi ya ukazi wa kudumu, na Kiingereza cha ofisini hunipiga chenga.

Mama Mbuzi
Kadi hiyo inatosha, mwanangu. Unapopiga simu kupanga miadi, sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo ni bure, na usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya fedha. Toa taarifa ya hasara leo hii hata kama karatasi hazijakamilika, kwani ukichelewa kuna tarehe za mwisho. Ile mizinga 6 iliyobaki iwekee maji ya sukari, kwa kuwa maua ya msimu huu yamekwenda na tope, na risiti za sukari uzitunze: chakula cha nyuki unachonunua zaidi ya kawaida kutokana na maafa nacho kinaombewa ELAP.

Mleta mada
Asante, mama. Jirani amekubali kuandika, na sasa hivi nashuka kijitoni na simu kupiga picha kabla giza halijaingia.