Balansi mara TATU stering bado yatetemeka! Hivi hakuna anayepima gurudumu Mombasa hii??

Jamani mie nimechoka wallahi. Gari ikifika 80 ukishapita Mazeras stering yaanza kucheza mikononi kama nimeshika mashine ya posho. Nikaenda gereji moja (jina sitaji) wakafanya balansi nikalipa, wiki ya pili narudi, balansi tena nalipa tena, mara ya tatu wakanibandikia na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) juu eti "bro hii ni barabara". Barabara gani na wenzangu wapita hapo hapo na chai mkononi?

Siku zote hizo hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia kama gurudumu lazunguka sawa. Balansi yasawazisha uzito tu, basi! Rimu ikiwa imepinda au tairi si duara utalibandika vile vipande vya risasi vya uzito mpaka lifanane na nyavu ya mvuvi na litatetemeka vile vile.

Jumapili nikapima mwenyewe. Kwanza nikaendesha kidogo tairi zipate moto, maana gari ikilala sana tairi hufanya bapa pale chini likakudanganya. Nikapiga jeki, nikatia stendi, nikalitingisha gurudumu juu na chini, beringi haichezi. Haya, nikachukua tofali nikafunga waya juu yake, ncha karibu iguse ukingo wa rimu, nikazungusha polepole. Upande huu waya wagusa kabisa, upande wa pili mwanya milimita 3 kwa rula ya mtoto wa shule!! Na rimu nyingi zatakiwa zisizidi kama milimita 1 hivi.

Nikalifungua. Kwenye habu, pale rimu inapofungwa kwa nati, kutu imefanya maganda, hewa yetu hii ya chumvi si mwaijua. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikarudisha, nikapima tena, ikashuka ikawa 2. Yaani milimita nzima ilikuwa kutu tu, na wao wamefungua hilo gurudumu mara tatu wakalirudishia juu ya hiyo hiyo kutu na pesa wakala!

Nimerudi kuwaambia, kijana mmoja aniuliza "kwani wewe fundi?" Nilitoka pale kabla sijamfanya kitu.

Sasa nauliza, kuna gereji kisiwani, Changamwe, hata Mtwapa ntafika, wenye ile geji ya mshale ya kuonyesha gurudumu limepinda kiasi gani, wanaopima rimu mbali na tairi mbali? Na wa kunijibu "peleka balansi" apite kimya tafadhali.