Mjadala: Mbegu ya dengu kwa kilimo cha umwagiliaji, aichague nani?

Ndugu wachangiaji,

Mwenzetu aliyeuanzisha mjadala huu anashikilia kwamba mbegu za dengu kwa mashamba ya umwagiliaji mkoani Mwanza zichaguliwe na watafiti peke yao, kwa sababu mkulima huvutiwa na ukubwa wa punje akayasahau magonjwa. Kuhusu magonjwa namuunga mkono kabisa: vimelea vya mnyauko, ugonjwa unaoukausha mmea, vinaweza kuishi ardhini kwa miaka kadhaa hata dengu isipopandwa, na hakuna mkulima awezaye kuupima ukinzani wa mbegu kwa kuitazama msimu mmoja. Tofauti yetu iko kwenye maji.

Misungwi, Kwimba na Magu tumeizoea dengu ya mbugani, inayopandwa masika yakielekea ukingoni ikakua kwa unyevu uliobaki katika udongo mweusi. Hata aina zilizotoka mwaka 2011, yaani Ukiriguru 1 na Mwanza 1 za desi (punje ndogo za kahawia), pamoja na Mwanza 2 na Mwangaza za kabuli (punje kubwa nyeupe), wengi wetu tunazijua kwa kilimo hicho. Mbegu inayovumilia kiu si lazima ivumilie maji.

Kwenye kituo cha utafiti mtafiti hufungulia maji siku ambayo mmea unayahitaji. Kwenye skimu, yaani mashamba ya umwagiliaji ya pamoja, maji huja kwa zamu, pengine usiku wa manane, na ukiikosa zamu yako unasubiri mzunguko mwingine. Mimi niliwahi kuyapokea siku moja baada ya mvua kwa kuogopa kuikosa zamu. Siku chache baadaye dengu ikawa ya njano. Nilipolipasua shina kwa wembe sikuuona ule mstari wa kahawia ambao ni dalili ya mnyauko, bali mizizi ndiyo iliyokuwa imelainika na kutoa harufu. Haukuwa ugonjwa wa mbegu, maji yalituama.

Kwa hiyo napendekeza watafiti wachuje kwanza kwa kigezo cha mnyauko, kisha aina tatu au nne zinazobaki zipandwe katika mashamba ya wakulima wenyewe, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mfereji, maana wa mwanzoni huzidiwa na maji na wa mwishoni huyakosa. Wakulima wazipigie kura dengu ikiwa na maua, wakati wa kung'oa, na tena baada ya kupikwa. Kura za akina mama zihesabiwe peke yake, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoinama kuing'oa huku asidi ya majani ikiwawasha mikono, na wao ndio wanaojua ni aina gani inayomaliza kuni.

Sasa naomba mwenzetu atujibu: ikiwa majaribio yote yatafanyika kituoni, ambako maji hayapangiwi zamu, huyu wa mwishoni mwa mfereji atachaguliwa mbegu kwa kigezo gani?