Mjadala: Kilo za mkulima zihesabiwe kwa mstari mmoja wa Python?

Mleta mada, Mbozi: Wadau, faili la mapokezi ya kahawa la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) lina mistari ya aina hii: "M017;48,5", yaani namba ya mkulima na kilo zake. Wapo wanaotaka kilo zichomolewe kwa komprehensheni (mstari mmoja wa Python, lugha ya programu, unaojenga orodha nzima), wengine wanasema kitanzi cha for tu, kinachopitia mstari mmoja mmoja, ili mkaguzi aweze kufuatilia. Mnasemaje?

Mdau, Uyole: Mstari mmoja, tena unasomeka:

`[float(m.split(";")[1].replace(",", ".")) for m in mistari if m.strip()]`

Anza kusoma kwenye for. If ya mwishoni inaruka mistari mitupu, split inakata penye ";", [1] inachukua kipande cha pili (hesabu inaanzia 0), replace inageuza mkato kuwa nukta kwa sababu float, inayogeuza maandishi kuwa namba, haiujui mkato. Kitanzi cha nini hapo?

Mdau, Iringa: Subiri karani aandike "M018;" bila kilo. float inatoa kosa la ValueError, na orodha yote inapotea, pamoja na mistari mizima iliyotangulia. Try, ya kukamata kosa, haiingii ndani ya komprehensheni.

Mdau, Uyole: Iweke kwenye funksheni, soma_kilo, irudishe None (yaani hakuna thamani) ikishindwa. Kisha, kwa := inayoweka jibu kwenye k, kuanzia Python 3.8:

`[k for m in mistari if (k := soma_kilo(m)) is not None]`

Mdau, Tukuyu: Hiyo "is not None" msiifute kwa uvivu. Ukiacha `if (k := soma_kilo(m))` peke yake, 0.0 nayo inatupwa, kwa kuwa if huichukulia sifuri kama "hapana".

Ila hapo hapo kuna balaa kubwa zaidi. Namba za wakulima ziko orodha nyingine, hazikuchujwa: M017, M018, M019. Orodha ya kilo imebaki na namba mbili: 48.5 na 31.0. Ukiziunganisha kwa zip, inayooanisha orodha mbili kwa mpangilio, M018 analipwa kilo 31 za M019, na M019 haonekani kabisa. Programu haitoi kosa lolote, pesa zinatoka! Kuanzia 3.10 unaweza kuandika strict=True, zip ikatae urefu usiolingana. Dawa hasa ni kuchomoa jozi, namba na kilo pamoja:

`[(m.split(";")[0], k) for m in mistari if (k := soma_kilo(m)) is not None]`

Mdau, Iringa: Jozi nakubali. Lakini M018 yuko wapi? Amechujwa kimyakimya, na kahawa yake ipo ghalani. Komprehensheni inajenga orodha moja tu. Kwa kitanzi, mstari mbovu unaingia orodha ya pili pamoja na namba ya mstari, karani anarudi kwenye stakabadhi.

Mdau, Uyole: Kwa malipo, sawa, kitanzi. Ripoti ya jumla ya kijiji siandiki mistari sita.