Luku inaliwa wapi? Gumzo la majirani

[19:02] Mama Nuru: Jamani habari za jioni. Fundi Shabani uko hewani? Nyumba yetu hii ya Mzee Athumani wapangaji watatu mita moja. Tukinunua ya elfu kumi zinakuja uniti 28. Ng'ambo ya barabara wananunua 9,150 wanapata 75. Nguzo ni hiyo hiyo. Kulikoni?

[19:05] Fundi Shabani: Salama mama. Nguzo moja, tarifa mbili. Wao wako D1, nyie mko T1. D1 ni ya nyumba ya matumizi madogo, kikomo uniti 75 kwa mwezi. Bei yake 100 kwa uniti, ikishapigwa VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 122. T1 ni ya matumizi ya kawaida, bei 292, na makato inasimama kwenye 356. Sasa 9,150 gawa kwa 122 ni 75. Elfu kumi gawa kwa 356 ni 28. Hapo hakuna aliyeibiwa.

[19:06] Baba Kelvin: Mbona mwanzo wa mwezi elfu kumi inatoa 23?

[19:08] Fundi Shabani: Kodi ya jengo hiyo. 1,500 inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Inabaki 8,500, gawa kwa 356, ndiyo hizo 23 na ushee. Na usiponunua mwezi mzima haijafutwa, inakusubiri mwezi unaofuata.

[19:09] Dada Rehema: Na hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, siyo ya mpangaji. Tunzeni meseji za manunuzi ya kwanza ya kila mwezi. Mwaka ukiisha ni 18,000, mnaiweka mezani siku ya kulipa pango.

[19:10] Mzee Athumani: Nimesoma.

[19:10] Baba Kelvin: 😂😂😂

[19:13] Dada Rehema: Shikamoo mzee 🙏 Nyie mlio D1 msijisahau pia. Mfumo unahesabu ulichonunua ndani ya mwezi, siyo ulichotumia. Ukinunua uniti 100 kwa mkupuo eti zikae, 75 za kwanza unapewa kwa 122, zile 25 za juu zinapigwa 427. Jumla 19,825. Hizo 25 ukizisubiri mpaka tarehe 1 unazipata kwa 3,050. Kununua kwa jumla ni kuzuri kwenye mchele, siyo kwenye D1.

[19:14] Mama Nuru: Basi na sisi tukaombe kushushwa D1.

[19:16] Fundi Shabani: Ofisini TANESCO wanaangalia manunuzi yako ya nyuma. Kaya tatu, friji mbili, pasi tatu, mtapita 75 kabla mwezi haujafika katikati. Punguzeni kwanza, ombi baadaye. Na ili mjue wa kupunguza ni nani, fungeni submita, yaani mita ndogo ya ndani, kila chumba.

[19:17] Mama Nuru: Submita si ndiyo tutakuwa tunaingiza tokeni mara mbili?

[19:21] Fundi Shabani: Hapana. Submita ya kawaida haina tokeni, inahesabu tu. Inakaa kwenye laini ya chumba, baada ya meni switchi. Mnasoma zote siku moja na mita kuu, jioni ile ile.
Mfano mita kuu imekula 90. Chumba A 22, B 41, C 24. Jumla 87. Zile 3 zilizobaki ni taa ya nje, kila mmoja anabeba moja. A analipa 23 × 356 = 8,188. B 42 × 356 = 14,952. C 25 × 356 = 8,900. Jumlisha, 32,040, hela yote imerudi.
Kinachoharibu ni fundi kuchukulia waya wa soketi moja kabla ya submita. Chumba kinawaka, namba hazitembei. Jaribio: zimeni swichi ya submita moja, halafu mpite na testa ya umeme kwenye soketi zote za chumba hicho. Testa ikiwaka, waya umeruka submita.

[19:22] Bi Mwajuma: Wengine tunaishi peke yetu na bado zinaisha. Mnalaumu taa kila siku, hebu semeni kinachokula.

[19:26] Fundi Shabani: Bibi, chochote kinachotengeneza joto. Hita ya ndoo, pasi, jiko la koili, birika. Halafu friji, siyo kwa ukubwa wake bali kwa sababu hailali. Taa za kisasa za wati 9 zikiwaka kwa masaa 5 kila siku, mwezi mzima ni uniti 1.35 kwa balbu moja. Chaja ya simu hata usiihesabu.
Msikisie, pimeni. Mita ina kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani mipepeso kwa uniti moja. Kama ni 1000: chukua saa ya simu, hesabu mipepeso ndani ya sekunde 36, zidisha kwa 100. Hizo ndizo wati zinazovutwa sasa hivi. Mipepeso 12 ni wati 1,200, hapo kuna mtu anapiga pasi. Kama ni 1600, jibu ligawe kwa 1.6.

[19:27] Baba Kelvin: Mita yangu iko juu ya nguzo, ndani nina rimoti tu ya kuingizia tokeni.

[19:28] Fundi Shabani: Basi soma uniti kwenye rimoti saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Ukiwa umezima kila kitu isipokuwa friji, tofauti yake ni friji. Ndogo ya mlango mmoja ikila zaidi ya nusu uniti kwa usiku mmoja, haiko sawa.

[19:29] Baba Kelvin: Dawa si kuizima usiku?

[19:33] Dada Rehema: Wengi wanafanya hivyo na wanachookoa ni kidogo. Asubuhi mota inaanza kufukuza joto lote lililoingia, na maziwa yameshakaa masaa manane kwenye uvuguvugu. Ukimwaga lita moja ya maziwa umeshamaliza faida ya wiki. Angalia mpira wa mlango. Weka noti nusu ndani nusu nje, funga, vuta. Ikitoka bila kushika, hapo baridi inatoka mchana kutwa. Zungusha noti mlango mzima, usiruke kona ya chini upande wa bawaba.
Kabla hujanunua mpira mpya, osha na maji ya sabuni, ute wa juisi na mafuta ndio unaozuia kushika. Halafu kona iliyolala ikande kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, ivute itoke kwa vidole, funga mlango ikae hadi ipoe. Ikigoma baada ya hapo ndiyo ubadilishe.

[19:35] Fundi Shabani: Hapo Rehema kamaliza. Niongeze barafu. Ikifika unene wa nusu sentimita kwenye frizo, zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani. KISU HAPANA. Yale mabati yana njia za gesi ndani, ukitoboa tundu la sindano tu umenunua friji nyingine. Na nyuma acha upana wa kiganja kutoka ukutani. Joto lisipopata pa kutokea, mota haizimi.

[19:36] Baba Kelvin: Ujumbe huu umefutwa

[19:36] Dada Rehema: Tumeshaona, kisu kiko mkononi 😅

[19:38] Bi Mwajuma: Na maji ya kuoga? Wajukuu hawaingii bafuni bila maji ya moto.

[19:42] Fundi Shabani: Ndoo ya lita 20 kutoka maji ya bomba mpaka ya uvuguvugu wa kuoga inataka kama uniti 0.35. Ukiisahau hita mpaka ndoo ichemke ni 1.7, mara tano. Kwa T1 hiyo ni 125 dhidi ya zaidi ya 600, ndoo moja. Halafu mtu anachanganya na ya baridi anaoga nusu, nyingine inapoa bafuni. Chemsha lita 4 tu kwenye sufuria yenye mfuniko, mimina kwenye lita 16 za baridi, joto ni lile lile la kuoga. Na hita ichomoe ukutani KABLA ya mkono kugusa maji.

[19:43] Mama Nuru: Pasi je?

[19:44] Fundi Shabani: Piga za wiki nzima mara moja. Anza na za nailoni pasi ikiwa inapata moto, kati pamba na jinzi, mwisho chomoa malizia leso na hijabu kwa joto lililobaki. Shati moja kila asubuhi unalipia kupasha chuma upya kila siku.

[19:45] Dada Rehema: Msisahau king'amuzi. Ukizima kwa rimoti hakijazima. Kikivuta wati 10 usiku na mchana, mwezi ni uniti 7.2. Kwa T1 ni 2,560 ya kitu ambacho hakuna anayekitazama. Zima ukutani.

[19:47] Bi Mwajuma: Haya, tuje jikoni sasa, maana huko ndiko hela inaungua kweli. Maharage. Mtu anabandika makavu saa 8 mchana kwenye gesi, saa 11 bado yanagonga meno. Loweka usiku, maji mara tatu ya maharage, asubuhi mwaga hayo maji weka mengine. Muda wa moto unapungua karibu nusu. Nyanya na ndimu zikae mbali mpaka yaive, uchachu unayafanya yagome. Chumvi mnaisingizia tu, mchawi ni nyanya.

[19:48] Mama Nuru: Na magadi bibi?

[19:50] Bi Mwajuma: Ncha ya kijiko kwa kilo, isizidi. Ukizidisha yanakuwa uji wenye ladha ya sabuni. Na usiyaache kwenye moto mpaka mwisho. Yachemke kwa nguvu dakika 20 hivi, funika vizuri, toa sufuria iweke kwenye kikapu ulichojaza matambara na blanketi la zamani, funika na mto juu. Saa tatu baadaye yameiva au yamebakiza kidogo tu, ndipo unaunga. Sharti mbili: sufuria iwe imejaa, ikiwa nusu joto linakimbia. Na usifungue kuchungulia. Hizo dakika za kuchemka msizikate, maharage mekundu yasipochemka sawasawa yanasumbua tumbo.

[19:53] Dada Rehema: Kwa asiye na subira, presha kuka ya umeme. Tunaambiwa umeme ni ghali kuliko gesi, siyo kwa kitu cha kuchemka muda mrefu. Ya lita 6, wati 1,000, nusu kilo ya maharage haifiki nusu uniti, maana ikishapata presha inazima na kuwaka yenyewe. Hata kwa T1 ni chini ya 180. Kwenye gesi hayo hayo makavu yanakula gramu 150 mpaka 200. Kama mtungi wa kilo 6 unaununua 24,000, kilo ni 4,000, basi sufuria moja ni 600 mpaka 800. Jiko la koili lenyewe achaneni nalo, saa mbili ni uniti mbili na zaidi.

[19:54] Baba Kelvin: Ya kwetu inatoa mvuke tu haipati presha.

[19:56] Dada Rehema: Mpira wa ndani ya mfuniko. Utoe, uoshe, urudishe ukae ndani ya mfereji wake mzunguko wote. Angalia pia kivalvu kama kimeziba na povu. Maharage yasipite nusu ya chungu, povu linapanda ndiyo linaziba. Na iende soketi ya ukutani, siyo ekstensheni nyembamba ya chaja, itayeyuka.

[19:57] Bi Mwajuma: Chapati na mandazi bado gesi. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inatoka masizi, matundu ya bana yameziba, chokonoa na sindano jiko likiwa limepoa.

[19:58] Fundi Shabani: Na mtungi mpimishe dukani. Shingoni umegongwa namba ya uzito wa mtungi mtupu. Kwenye mzani lazima usome namba hiyo jumlisha 6. Muuzaji asiye na mzani, nenda kwa mwenye mzani.

[20:03] Mama Nuru: Fundi nimetoka kibarazani. Mita yetu ni 1000. Tumezima vyumba vyote vitatu, friji zote tumechomoa. Kitaa bado kinapepesa!! Mara moja kila dakika.

[20:04] Fundi Shabani: Dakika kamili? Pima tena kwa saa.

[20:06] Mama Nuru: Sekunde 60, mara tatu mfululizo.

[20:08] Fundi Shabani: Kwa mita ya 1000, 3,600 gawa kwa sekunde za mpepeso mmoja, hizo 60, ni wati 60. Hiyo siyo waya kuvuja, imetulia mno. Hiyo ni balbu. Uani au chooni kuna ile ya zamani ya njano, ya kioo na uzi?

[20:09] Mama Nuru: Ya uani. Inawaka magharibi mpaka asubuhi, swichi yake iko kwenye stoo ya mzee.

[20:12] Fundi Shabani: Wati 60 × saa 12 × siku 30 = uniti 21.6. Zidisha 356, ni 7,690 kila mwezi. Kwenye mfano wangu nilikadiria 3, nilidhani mna ya wati 9. Ikiwekwa ya 9 ni uniti 3.2, shilingi 1,150.

[20:12] Baba Kelvin: Yaani taa ya uani inakula kama friji 🙆🏾‍♂️

[20:13] Dada Rehema: Mzee Athumani upo?

[20:19] Mzee Athumani: Nipo. Balbu ya wati 9 naleta kesho baada ya alasiri, Shabani uje kuifunga na uangalie bei ya submita tatu. Mambo ya 18,000 tutaongea ana kwa ana, siyo humu.