Saintpaulia: nanyunyizia kila siku, lakini moyo wa mmea unaoza

kivuli_tupu
Wakuu, nina Saintpaulia (yale maua ya ndani yaitwayo African violet) mbili kwenye vyungu vya sentimita 15. Kwa kuwa asili yake ni misitu yenye unyevu ya Usambara, nanyunyizia majani asubuhi na jioni, na udongo haukauki kabisa. Sasa majani yana madoa ya njano ya mviringo, na moja moyo wake (pale katikati majani mapya yanapotokea) umelegea na kuwa mweusi. Niongeze maji au nipunguze? Na jani likikatwa linaota?

mizizi_mwambani
Punguza. Kule msituni hazikai topeni. Nyingi huota kwenye miamba yenye kivuli, mizizi imeshika mboji kidogo iliyonasa kwenye nyufa. Hewa ndiyo yenye unyevu. Maji hupita tu. Chungu chako ni kikubwa mno: udongo usiofikiwa na mizizi unabaki na maji, mizizi inakosa hewa, kuvu inapanda hadi moyoni. Kipenyo cha chungu kiwe theluthi ya upana wa mmea, yaani majani yakitanda sentimita 24, chungu cha 8 kinatosha. Tumia mboji nyepesi na perlaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa na maji), nusu kwa nusu.

Madoa ni kesi nyingine. Hayo ni maji ya baridi yaliyotua juu ya jani lenye joto. Hayaambukizi, ila hayafutiki. Acha kunyunyizia, weka chungu kwenye sahani ya maji yenye joto la chumba kwa dakika 20 hadi 30, kisha mwaga yanayobaki. Rudia udongo wa juu ukishakauka.

wembe_safi
Wenye moyo mweusi usihangaike nao, okoa majani. Chukua jani la safu ya kati, la nje kabisa limeshazeeka. Kata kikonyo mshazari, kibaki sentimita 2 au 3. Ukiona rangi ya kahawia ndani yake, litupe, uozo umeshafika. Chomeka sentimita 1 tu, funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mbali na jua la moja kwa moja. Mizizi huchukua kama mwezi, vichipukizi miezi miwili au mitatu. Usivitenganishe mapema.

mizizi_mwambani
Nyongeza: kama maua yake yana mistari inayotoka katikati hadi ukingoni, jani kwa kawaida halitarudisha mistari hiyo. Hapo subiri chipukizi la pembeni mwa mmea mama, upande hilo badala ya jani.

kivuli_tupu
Dawa ya kuvu je, haiwezi kuuokoa?

wembe_safi
Moyo ukishaoza, hapana. Dawa haifufui kilichokufa.