Konstantino VII alitawala kweli, au alikuwa msomi tu aliyevishwa taji?

Nauleta mjadala huu kwa sababu kila anapotajwa Konstantino VII, kaisari wa Bizanti (Dola ya Roma ya Mashariki) aliyefariki mwaka 959, husemwa neno lilelile: alipenda vitabu, dola akawaachia wengine. Mimi nasema anaonewa.

Anayelaumiwa kwa unyonge atazamwe alikotoka. Alizaliwa 905, kabla mama yake Zoe hajaolewa na Kaisari Leo VI. Leo alikuwa amekwisha kufiwa na wake watatu, na alipomwoa Zoe, Patriaki Nikolaos, mkuu wa kanisa, alimzuia kuingia kanisani, maana ndoa ya nne ilikuwa haramu. Leo akafa 912. Kufikia 919 mkuu wa jeshi la majini, Romanos Lekapenos, alikuwa ameshika ikulu. Akamwoza kijana binti yake Helena, kisha akavaa taji yeye mwenyewe na kuwavika wanawe. Siku ya harusi hiyo Konstantino hakuwa ametimiza hata miaka 15. Mlitaka afanye nini? Katika ikulu ile, mrithi aliyeshindwa alitobolewa macho au kukatwa pua. Alisubiri. Desemba 944 wana wa Romanos walimpindua baba yao, na Januari 945 Konstantino akawaondoa wao pia. Hiyo si kazi ya mtu mzubaifu.

Sasa vitabu vyenyewe. Kile alichomwandikia mwanawe Romanos kuhusu uendeshaji wa dola ni siasa ya nje tupu. Anamwambia: Wapechenegi wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi wapelekewe zawadi kila mwaka, kwani amani ikiwepo nao, Warusi, Wahungaria na Wabulgaria hawathubutu kukuvamia. Anaeleza maporomoko ya mto Dnieper, mahali Warusi hulazimika kushuka na kubeba mitumbwi yao, na ndipo Wapechenegi huwashambulia. Mambo kama haya hayapatikani kwa kukaa maktaba. Yanatoka kwa wajumbe, wafanyabiashara na mateka waliohojiwa. Tena anamtahadharisha mwanawe asimpe mgeni yeyote siri ya moto wa Kigiriki, silaha ya kuunguza meli za adui, hata akiombwa vipi.

Na ndani ya nchi? Sheria ya 947 iliamuru ardhi ambayo wakubwa walikuwa wamewachukulia wakulima tangu aanze kutawala peke yake irudishwe bila fidia. Matajiri wa Anatolia, Uturuki ya leo, hawakuwa watu wa kuchokozwa ovyo.

Wapinzani watanitajia kisiwa cha Krete, kilichokuwa mikononi mwa Waarabu, na wana haki. Msafara wa 949 uliangamia chini ya jemadari Gongyles, na aliyemchagua Gongyles ni kaisari mwenyewe. Hapo sina utetezi. Ila Nikephoros Phokas, aliyekiteka kisiwa hicho 961, alipewa ukuu wa jeshi na Konstantino huyuhuyu, na mwaka 958 majeshi ya Bizanti yaliutwaa mji wa Samosata, kando ya mto Frati. Wengine hushikilia maneno ya mwanahistoria Skylitzes kwamba alipenda mno divai na kumwachia Helena mambo ya vyeo. Skylitzes aliandika zaidi ya miaka 100 baadaye. Mimi siwezi kumhukumu mtu kwa ushahidi huo peke yake.

Kwa hiyo anayesema dola iliendeshwa na wengine awataje hao wengine, na anieleze: nani aliyesukuma sheria ya 947, na nani aliyemteua Phokas?